Elektroni na Taa za Kariakoo

Umeme wa umma ulianza Dar es Salaam mwaka 1908, enzi za Wajerumani, nao ulipelekwa kwenye karakana za reli na sehemu ya mji walikokaa wakoloni. Wenyeji waliendelea na koroboi, chemli na, kwa mwenye uwezo, karabai. Mwaka 1931 Waingereza waliikabidhi huduma hiyo kwa kampuni binafsi. Mwaka 1964 serikali ikanunua hisa za kampuni hizo. Nani alimiliki nguzo na nyaya ni habari muhimu, lakini mimi navutiwa zaidi na mwanga wenyewe.

Njano ya koroboi ni masizi yanayong'aa kwa joto. Balbu ya zamani nayo ni uzi wa metali uliopashwa moto. Vyote viwili hutoa rangi za upinde wa mvua zikiwa zimechanganyika. Gesi ikichochewa kwa joto au umeme hufanya jambo jingine kabisa: hutoa rangi chache maalumu tu.

Mwaka 1859 na 1860, kule Heidelberg, wanasayansi Bunsen na Kirchhoff walithibitisha kuwa kila elementi ina mistari yake ya rangi. Jambo hilo huonekana Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo, jioni, kwa muuza chakula mwenye jiko la gesi. Maji ya chumvi yakifurika sufuriani, ulimi mmoja wa moto wa buluu hugeuka njano kali, chumvi ikiisha unarudi buluu. Hiyo ni sodiamu iliyomo kwenye chumvi.

Sababu ilisubiri hadi 1913. Niels Bohr wa Denmark, akiwa na miaka 27, alisema elektroni haikai popote tu itakapo ndani ya atomi, bali kwenye ngazi maalumu za nishati. Ni kama maghorofa ya Kariakoo: utapanga ya tatu au ya nne, hakuna chumba kati yake. Joto au umeme huipandisha elektroni. Inaposhuka, tofauti ya nishati hutoka ikiwa mwanga, na ukubwa wa tofauti hiyo ndio unaoamua rangi. Kwa sodiamu, mshuko mkuu hutoa mwanga wa nanomita 589, ile njano ya jikoni na ya taa za sodiamu za barabarani. Wanafizikia wa miaka ya 1920 waliziondoa njia za duara alizozichora Bohr, ngazi zilibaki.

Katika gesi ya neoni, ambayo mvumbuzi Georges Claude aliionyesha ikiwa taa mjini Paris mwaka 1910, elektroni hushuka kwa wekundu. Zebaki iliyo ndani ya taa ya tyubu hutoa hasa mwanga wa nanomita 254, ambao jicho halioni; unga mweupe uliopakwa ndani ya kioo huupokea na kuugeuza. Zebaki hiyo ni sumu, kwa hiyo tyubu mbovu haifai kuvunjwa jalalani, watoto wakiwa karibu.

Siku hizi maduka ya Kariakoo yamejaa taa za LED. Humo atomi zimebanana kwenye fuwele hata ngazi zao zikaungana kuwa kanda mbili zenye pengo katikati, nayo elektroni hutoa mwanga inaposhuka na kuvuka pengo hilo. Kupata pengo la kutoa buluu kuliwachukua miaka mingi wanasayansi Akasaki, Amano na Nakamura, waliopewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Mwanga mweupe tunaouona kwa kawaida ni buluu hiyo pamoja na unga wa njano. Wekundu wake mara nyingi ni hafifu, na mnunuzi anayetoka na kitenge chekundu hadi mlangoni akikague juani ana haki kabisa.