Kabla ya Saa Kulikuwa na Butega

Kila ninapokaa na wazee wa Masisi, mashariki mwa Kongo, mazungumzo yakigusa vijana, husikia lawama ile ile. Kijana akipata pesa yake ya kwanza katika machimbo ya koltani ya Rubaya, hukimbilia saa ya mkono. Wala hanunui saa anayoipenda mwenyewe. Hununua ile aliyoiona kwa mwenzake, pana, ya rangi ya dhahabu, nzito kama kufuli. Wazee huhitimisha kwamba zamani mtu alijua yeye ni nani na hakuiga, na kwamba tabia ya kufuata mkumbo ilikuja na Mzungu pamoja na hiyo saa yenyewe. Nimeyasikia maneno hayo hata Walikale, ambako historia husimuliwa tofauti kabisa na inavyosimuliwa Masisi.

Nawaheshimu wanaosema hivyo, maana wameshuhudia mengi yakipotea. Lakini dai lao halisimami mbele ya ushahidi, na ushahidi huo umechapishwa tangu 1980 bila kuwafikia wanaouhitaji zaidi.

Mwaka huo mwanahistoria David Newbury, aliyekuwa amefanya utafiti katika kisiwa cha Ijwi, alitoa katika jarida la Kifaransa *Journal des africanistes* makala juu ya biashara ya Ziwa Kivu katika karne ya 19. Wanaomfahamu Newbury wanamfahamu zaidi kwa kitabu chake cha 1991 juu ya wafalme na koo za Ijwi. Makala ile ya awali haitajwi sana. Mimi naiona kuwa moja ya kurasa muhimu kabisa zilizowahi kuandikwa juu ya watu wetu, kwa sababu ya kitu kidogo kinachotajwa humo: butega.

Butega ni vikuku vyembamba vilivyosukwa kwa nyuzi za mimea ya msituni. Mafundi wake walikuwa watu wa misitu ya magharibi ya ziwa, hasa Watembo, ambao ardhi yao inapakana na kuingiliana na kusini ya Masisi na Walikale ya leo. Vikuku hivyo vilishuka hadi ziwani, vikapakiwa mitumbwini, vikapita Ijwi, vikafika Kinyaga, upande wa Rwanda, na kuingia hadi ndani ya nchi. Huko wanawake walivivaa miguuni, si kimoja wala viwili, bali vingi kwa pamoja, vikipandana kutoka kifundo cha mguu kwenda juu. Kinyarwanda kimelihifadhi jina hilo hadi leo: ubutega. Mifugo na chakula vilielekea upande mmoja wa ziwa, vikuku upande wa pili, na Wahavu wa visiwani na pwani ya ziwa wakawa wapatanishi wa biashara hiyo.

Tusimame hapa kidogo, kwa maana hapa ndipo lawama ya wazee inapopata jibu. Butega havikuwa pambo peke yake. Vilikuwa fedha. Vilihesabiwa, vikafungwa kwa mafungu, vikatumika kununulia vitu vingine. Mwanamke aliyevaa vingi alikuwa amevaa akiba yake, na kila aliyemwona alijua kiasi cha akiba hiyo bila kuuliza. Pambo, hazina na tangazo la hadhi vilikuwa kitu kimoja mwilini.

Jambo la pili ni kwamba waliovitengeneza na waliovivaa kwa wingi hawakuwa watu wamoja. Fundi wa msituni alisuka kwa kufuata ladha ya mwanamke wa milimani ambaye pengine hangemwona maishani. Ladha hiyo iliposambaa kutoka kilima hadi kilima, msituni kazi iliongezeka. Sasa kama huko si kufuata mtindo, basi neno mtindo halina maana. Bibi wa Kinyaga alitazama miguu ya jirani yake kama kijana wa Rubaya anavyotazama mkono wa mwenzake.

Na la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. Kuvaa kazi ya Mtembo hakukumfanya Mnyarwanda kuwa Mtembo, wala hakukumpunguzia Unyarwanda. Alichukua kitu cha mbali, akakipa jina katika lugha yake, akakipanga mwilini kwa utaratibu wa kwao, kikawa chake. Wakati huo huo kikuku kilimuunganisha na msitu asioujua. Mtindo ulikuwa daraja, na daraja hilo lilivuka ziwa kabla ya kuwepo mpaka. Mpaka wenyewe ulikuja baadaye: mkataba wa 1910 uliiweka Ijwi upande wa Kongo ya Wabelgiji, faranga za serikali zikachukua nafasi ya fedha za nyuzi, na nguo za dukani zikabadilisha umbo la vazi. Butega vikafifia. Sioni kwamba waliovivaa walichoka navyo ghafla. Njia iliyovipitisha ilikatwa.

Nikienda Walikale nakuta shahidi mwingine. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Daniel Biebuyck aliandika kutoka kinywani mwa mzee Candi Rureke, katika nchi ya Wanyanga, utenzi wa Mwindo, uliotolewa kitabu 1969. Katika masimulizi yale shujaa hazaliwi kama watoto wengine. Anatokea mkononi mwa mama yake, kwenye kidole cha kati, naye anakuja ameshika conga, mgwisho wa enzi, pamoja na shoka na kifuko begani. Kabla hajapewa nafasi yoyote katika ukoo, kabla baba yake hajamkubali, alichobeba mkononi kimekwisha kusema yeye ni nani. Sisemi kwamba Rureke alikuwa akiwaza saa. Nasema tu kwamba kwa Wanyanga mkono ulikuwa mahali pa kusomea mtu tangu zamani, na kwamba saa ilipofika ilikuta mahali pake pamekwisha kuandaliwa.

Hata huko ilikotoka, saa ya mkono ilianza kama kikuku. Wanaume wa Ulaya walibeba saa zao mfukoni kwa mnyororo, wakaiona ile ya mkononi kuwa pambo la wanawake. Vita Kuu ya 1914 hadi 1918 ndiyo iliyowageuza, kwa kuwa askari aliye kwenye handaki hana nafasi ya kupekua mfuko. Vita hiyo hiyo iligusa maji yetu: Wajerumani waliiteka Ijwi Septemba 1914, na 1916 majeshi ya kikoloni ya Kongo, Force Publique, yalivuka kwenda Kigali hadi Tabora, yakibebewa mizigo na watu wengi ambao majina yao hayakuandikwa.

Hapo ndipo wasomi wengi wanapoianza historia ya saa katika Kongo, na ndipo ninapotofautiana nao. Tangu mwanahistoria E. P. Thompson aandike, mwaka 1967, makala yake mashuhuri juu ya muda, nidhamu ya kazi na ubepari wa viwanda, imekuwa mazoea kuiona kila saa katika koloni kama mnyororo. Masisi inaonekana kuwafaa sana. Comité National du Kivu iliundwa 1928 na kukabidhiwa ardhi kubwa. Kahawa, chai na pareto zikapandwa. Kisha kati ya 1937 na 1955 serikali ikahamisha watu kutoka Rwanda hadi Gishari na kwingineko Masisi, kwa mpango uliojulikana kwa kifupi MIB. Mtu aliyefika kwa mpango huo aliishi kwa kengele ya mwajiri. Hayo yote ni kweli.

Lakini wanaosema hivyo wanachanganya vitu viwili. Kengele ilikuwa ya bwana. Saa ya mkono ilikuwa ya mfanyakazi. Kengele ilimwambia aanze lini na aache lini, naye hakuwa na njia ya kuibishia. Aliyevaa saa aliweza kujua kama kengele ilichelewa kulia jioni. Thompson mwenyewe, ukimsoma kwa utulivu, anataja viwanda vya Uingereza ambako waajiri walichezea saa za ukutani na wafanyakazi wakaogopa kuja kazini na saa zao. Kama saa ingekuwa mnyororo mtupu, kwa nini bwana aliogopa kuiona mkononi mwa mtumishi? Lingala inaita kengele na saa kwa neno moja, ngonga, na neno hilo linabeba kumbukumbu ya kambi. Sisi wa mashariki tunasema saa, neno la Kiarabu lililopanda kutoka pwani katika Kiswahili cha misafara iliyopita Nyangwe na Kasongo kabla Wabelgiji hawajaishika Maniema. Neno letu halikuzaliwa kambini.

Kwa hiyo sioni aibu katika picha ya karani wa miaka ya 1950 aliyetaka saa pamoja na baiskeli na kalamu ya wino. Serikali ilimdai athibitishe ustaarabu wake: cheti cha uraia mwema cha 1948, kisha usajili wa 1952, pamoja na wakaguzi walioingia nyumbani kutazama samani na namna ya kula. Katika mtihani huo wote wengine ndio walioamua kama amefaulu. Saa aliichagua mwenyewe.

Zama za Mobutu zilikuja na jibu la kinyume. Nchi ikawa Zaire 1971, mwaka uliofuata majina ya ubatizo yakapigwa marufuku, tai na suti zikaachia nafasi koti la abacost. Dola ikatunga amri juu ya shingo na juu ya jina, ikauacha mkono. Naona somo hapo. Siasa ya uhalisi ilitafuta Uafrika kwa kuvua, wakati watu wa Ziwa Kivu walikuwa wameupata kwa kuvaa. Sheria zilizogusa utambulisho kwa uchungu zaidi zilikuwa nyingine, zile za uraia wa watu wenye asili ya Rwanda, za 1972 na 1981, moja ikitoa na nyingine ikipokonya; na Machi 1993, soko la Ntoto huko Walikale likawa mwanzo wa mauaji ambayo familia nyingi bado zinayaomboleza. Katika nchi ambamo swali la wewe ni nani limeulizwa kwa bunduki, kile kidogo ambacho mtu anaweza kujichagulia hakistahili kuchekwa.

Kufikia wakati huo saa za bei nafuu zilikwishaanza kuenea. Seiko ya Japani ilitoa saa ya kwanza ya mkono ya kwatzi sokoni Desemba 1969, na baada yake betri ndogo ikaangusha bei dunia nzima. Casio F-91W ya 1989, ya plastiki na tarakimu, ikafika hadi kwa asiye na mshahara. Halafu machimbo. Kasiteriti (madini ya bati) ya Bisie ilipoanza kuchimbwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, maelfu waliingia msituni Walikale. Mawe yalitolewa kwa mgongo hadi Njingala, ndege ndogo zikatua juu ya barabara ya Kilambo, zikaja na bidhaa na kuondoka na madini. Serikali iliposimamisha uchimbaji kati ya Septemba 2010 na Machi 2011, aliyekuwa na kitu cha kuuza mwilini alikuwa na nauli ya kurudia kwao. Mahali pasipo na benki, kinachovaliwa ndicho akiba. Butega vilijua hilo.

Simu nazo zimekamilisha mzunguko. Leo karibu kila mwenye saa ana simu mfukoni, na simu haikosei dakika. Saa haihitajiki tena kwa kujua muda. Inavaliwa ili ionekane, ipimwe thamani, imuweke mtu miongoni mwa wenzake. Yaani imerudi kuwa kikuku. Wazee wanapoitazama kwa masikitiko, wanachokiona ni desturi ya bibi zao ikirudi katika chuma. Na hata chuma si kigeni: bati la Bisie, ambako kampuni ya Alphamin ilianza uzalishaji 2019, ni la aina inayotumiwa duniani kuunganishia vipande vya vifaa vya elektroniki. Zamani tulisuka nyuzi zikavaliwa ng'ambo ya ziwa. Sasa tunatoa madini, yanavuka bahari, yanaturudia mkononi.

Hapo ndipo palipo na hasara ya kweli, na ningependa wazee waielekeze lawama yao huko. Fundi wa butega alikuwa na ustadi, aliuza kazi ya vidole vyake. Mchimbaji anauza jiwe. Kijana hajapotea kwa kuvaa alichovaa mwenzake. Tumepungukiwa kwa kuwa hakuna tena kitu cha mkono wetu ambacho jirani anakitamani. Tuwaulize bibi waliobaki namna butega vilivyosukwa, kwa mmea gani, kwa fundo gani, kabla hawajaondoka na ujuzi huo.

Kuhusu utambulisho wa kijana yule, mimi sina wasiwasi. Msimamishe asubuhi barabarani Rubaya, umuulize muda. Ataitazama saa yake ya dhahabu, iliyotengenezwa na watu wanaoihesabu siku kuanzia usiku wa manane, mshale mfupi ukiwa kwenye saba. Naye, kwa Kiswahili cha Kivu au kwa Kinyarwanda, kwa hesabu inayoanza jua linapochomoza, atakujibu: saa moya.