Nyungu Iliyokuja na Meli

Sufuria huepuliwa ingali inatokota, ikawekwa sakafuni mbele ya mgonjwa aliyeketi kwenye kigoda. Blanketi hushushwa kuanzia kichwani hadi chini, pasibaki upenyo. Ndani ni giza, harufu kali ya majani na kikohozi. Baada ya muda jasho linaanza kumchuruzika mgongoni. Huko ndiko kujifukiza. Tanzania bara wengi husema kupiga nyungu, nyungu ikiwa ni chungu chenyewe.

Ni dawa ya jadi, hakuna ubishi, ila mimea mingi inayotiwa sufuriani imevuka bahari. Mwarobaini, uliopata jina kwa sifa ya kutibu maradhi 40, asili yake ni Bara Hindi na Burma. Ndimu, tangawizi na mchaichai navyo ni wageni kutoka Asia. Mkaratusi ni wa Australia, na kisa chake kinachekesha: ulipoletwa Kenya mwaka 1902, hakuna aliyefikiria pua ya mtu. Uliletwa kulisha tumbo la garimoshi, maana Reli ya Uganda ilitaka kuni za mti unaokua upesi.

Reli ileile ndiyo iliyosambaza mafua makuu ya mwaka 1918. Ugonjwa ulishuka bandarini Mombasa, ukapanda behewa kwenda bara. Jenerali Mjerumani Lettow-Vorbeck, aliyepigana Afrika Mashariki, alisalimu amri Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba, siku 14 baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwisha Ulaya. Watu wake wakapelekwa kambini Tabora, na huko mafua yakawamaliza wengi ambao risasi ziliwakosa kwa miaka minne.

Madaktari wa wakati huo hawakuwa na dawa ya kuponya. Kirusi cha mafua ya binadamu kilitambuliwa London mwaka 1933 tu.

Februari 2021, wakati wa korona, Waziri wa Afya wa Tanzania wa wakati huo, Dkt. Dorothy Gwajima, alionyesha waandishi wa habari Dodoma namna ya kuandaa kinywaji cha tangawizi, vitunguu, malimau na pilipili. Mvuke nao ukarudi kwa kishindo. Hauui kirusi, hulainisha kamasi, mtu akapumua, na asipoangalia humbabua.

Blanketi likifunuliwa, mgonjwa hufutwa jasho, akavishwa nguo kavu na kupewa uji wa moto. Maji ya sufuria humwagwa uani, majani na yote.