Java ya moduli: Jinsi ya kufunga programu isikwame kisiwani

Kuandika programu ya Java ni kazi moja. Kuifikisha kwa mtu atakayeitumia ni kazi nyingine, na hapo ndipo wasanidi wengi hukwama.

Chukua mfano wa Kisiwa cha Bwejuu, wilayani Mafia, mkoa wa Pwani. Siyo Bwejuu ile ya Unguja. Anayetoka Dar es Salaam kwa barabara hufika Nyamisati, hupanda boti hadi Kilindoni, kisha hutafuta chombo kingine cha kumvusha.

Tuseme huko kuna kompyuta moja ya Windows inayotumika kuandikisha wagonjwa, na intaneti yake ni bando la simu ya mtu. Programu ikigoma asubuhi, foleni inarudi kwenye daftari, na fundi yuko ng'ambo ya bahari.

Habari njema ni kwamba Java ya sasa, ikisaidiwa na zana kama Maven na Gradle, inaweza kuandaliwa mapema kwa mazingira kama hayo.

Kwa ufupi

- Gawa mzigo mara mbili: Java yenyewe, na programu yako.
- Java ni nzito na haibadiliki mara kwa mara. Isafiri kwa flashi, kwenye boti.
- Programu ni nyepesi na hubadilika kila mara. Isafiri kwa bando.
- Jaribu kila kitu ukiwa umezima intaneti, kabla ya safari.

Moduli ni nini?

Zamani Java ilikuja kama furushi moja. Programu ikitaka kipande kidogo tu, ilibidi ibebe vyote. Mwezi Septemba 2017 lilitoka toleo la 9, na Java ikagawanywa katika vipande vinavyoitwa moduli.

Msanidi naye anaweza kuifanya programu yake kuwa moduli. Anaweka faili moja, `module-info.java`, inayotaja kila kinachohitajika:

```
module usajili.kituo {
    requires java.desktop;
    requires java.sql;
    requires java.net.http;
}
```

Hapo programu imesema inahitaji madirisha ya kwenye skrini, kanzidata, na njia ya kutuma taarifa mtandaoni. Basi.

Faida yake kubwa ni hii: moduli iliyotajwa ikikosekana, programu hugoma inapowashwa. Haisubiri mgonjwa wa kumi na tano, nusu ya fomu ikiwa imeshajazwa, ndipo ianguke.

Wazo hili si geni Afrika Mashariki

Mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa wa OpenMRS umeandikwa kwa Java na hujengwa kwa Maven. Ulianza mwaka 2004, ukiongozwa na Paul Biondich na Burke Mamlin wa Taasisi ya Regenstrief ya Marekani, kutokana na mahitaji ya mpango wa AMPATH uliopo Eldoret, Kenya. Mwaka 2006 ulianza kutumika huko.

Wakati huo Java haikuwa na moduli zake yenyewe, kwa hiyo OpenMRS ilijitengenezea utaratibu wake. Kuna kiini, halafu kuna moduli zinazoongezwa juu yake, kila moja ikiwa faili inayoishia na `.omod`. Nchi au hospitali ikitaka kitu chake, inaongeza moduli bila kubomoa kiini. KenyaEMR na UgandaEMR zimejengwa juu ya msingi huo.

Somo ni lilelile kwa programu ndogo ya kompyuta moja: tenga kinachokaa na kinachobadilika.

Hatua ya 1: Panga Maven au Gradle

Kwenye Maven, mipangilio yote hukaa kwenye `pom.xml`. Jambo la kwanza ni kutaja toleo la Java kwa `maven.compiler.release`, mfano 21. Bila hivyo, kompyuta ya msanidi yenye Java mpya zaidi inaweza kutoa faili ambazo Java ya kisiwani haizisomi. Maven ikishaiona `module-info.java`, yenyewe inajua kwamba hii ni kazi ya moduli.

Jambo la pili ni kukusanya maktaba zote ambazo programu inazitegemea kwenye folda moja:

```
mvn package dependency:copy-dependencies -DincludeScope=runtime -DoutputDirectory=target/programu
```

Ile `runtime` ina maana yake. Inaacha nyumbani maktaba za majaribio kama JUnit, ambazo hazina kazi kwa mtumiaji. Baada ya hapo, jar ya programu yenyewe inawekwa kwenye folda hiyohiyo.

Kwa wanaotumia Gradle kuanzia toleo la 7, moduli hutambuliwa moja kwa moja. Plagini ya `application` ikiwashwa na `mainModule` ikatajwa, amri ya `installDist` inakusanya jar zote kwenye folda ya `lib`.

Fundi anayesafiri na laptop ili arekebishe mambo hukohuko ana tahadhari moja zaidi. `gradlew` ikiwashwa kwa mara ya kwanza huanza kwa kuipakua Gradle yenyewe. Maven nayo hupakua plagini zake. Kwa hiyo aendeshe `mvn dependency:go-offline` akiwa bado ana mtandao, kisha azime intaneti na ajaribu `mvn -o package`. Kwa Gradle ni `./gradlew build --offline`. Ikipita, ndipo afunge begi.

Hatua ya 2: Punguza Java

JDK kamili ikishasakinishwa hula mamia ya MB. Zana ya `jlink`, inayokuja na JDK yenyewe, inatengeneza Java ndogo yenye moduli zinazohitajika tu. Mzigo unashuka hadi makumi ya MB, na kompyuta ya kisiwani haihitaji kusakinishiwa Java kabisa.

Kuna jambo linalowapiga wengi: kifurushi kilichotengenezwa kwa ajili ya Linux hakiwaki kwenye Windows. Msanidi mwenye Linux apakue JDK ya Windows ya toleo lilelile, aifungue, kisha aielekeze `jlink` kwenye folda yake ya `jmods`. Mfano huu ni wa toleo la 21:

```
jlink --module-path jdk-windows/jmods \
  --add-modules java.desktop,java.sql,java.net.http,jdk.crypto.ec,jdk.localedata \
  --include-locales=en,sw \
  --no-header-files --no-man-pages \
  --output java-kisiwa
```

Tazama kwamba programu yenyewe haimo humo ndani. Hiyo ni makusudi. Ikiunganishwa humo, kila marekebisho madogo yatadai kutuma kifurushi kizima upya. Pia `jlink` hukataa maktaba za zamani zisizo na `module-info`. Zikikaa nje, kwenye folda ya `programu`, zinafanya kazi bila shida.

Mitego miwili ya kimyakimya

Ile orodha ya moduli msanidi haitungi kichwani. Zana ya `jdeps` huisoma jar na kumwambia inahitaji nini. Lakini `jdeps` huona kilichoandikwa kwenye msimbo tu, na kuna vitu viwili haivitaji.

*Kwanza, usalama wa mtandao.* Hadi toleo la 21, hesabu za siri zinazotumiwa na seva nyingi za https zilikaa kwenye moduli ya `jdk.crypto.ec`. Ikiachwa, programu inawaka vizuri, inaandikisha watu vizuri, lakini siku ya kutuma taarifa makao makuu muunganisho unakatwa. Kuanzia toleo la 22 sehemu hiyo imehamia kwenye moduli ya msingi.

*Pili, Kiswahili.* Moduli ya msingi huja na Kiingereza tu. Majina ya siku na miezi ya lugha nyingine, Kiswahili kikiwemo, yamo kwenye `jdk.localedata`. Ikikosekana hakuna ujumbe wa hitilafu. Ni kwamba Jumatatu na Januari hazitokei kwenye kadi ya mgonjwa, na msanidi anabaki kujiuliza mbona kwake zilikuwepo. Ile `--include-locales=en,sw` inachukua Kiingereza na Kiswahili na kuziacha lugha nyingine zote, ili mzigo usivimbe.

Hatua ya 3: Jaribu kama uko kisiwani

Kwenye flashi kuna vitu vitatu: folda ya `java-kisiwa`, folda ya `programu`, na faili ndogo ya kuwashia, tuseme `anza.bat`, yenye mstari mmoja:

```
java-kisiwa\bin\java --module-path programu -m usajili.kituo/kituo.Kuu
```

Tafuta kompyuta ya Windows ambayo haijawahi kuwekewa Java. Zima intaneti. Bofya `anza.bat`. Andikisha mtu wa kubuni, chapisha kadi, angalia tarehe. Halafu washa mtandao na ujaribu kutuma.

Laptop ya msanidi haifai kwa jaribio hili. Ina Java tatu, ina maktaba zote, na itasema kila kitu kiko sawa.

Marekebisho yakihitajika

Hapa ndipo mgawanyo ule unalipa. Kosa likigunduliwa, msanidi aliyeko Dar es Salaam anajenga upya na kutuma jar moja ya programu yake. Mara nyingi ni ndogo kuliko video fupi ya kwenye simu.

Anayeipokea afuate mpangilio huu:

1. Afunge programu. Windows haikubali kufuta faili inayotumika.
2. Ahakikishe faili imefika nzima, kwa `certutil -hashfile usajili.jar SHA256`, na alinganishe namba na aliyotumiwa.
3. Aihamishe jar ya zamani kwenye folda nyingine. Kuibadilisha jina na kuiacha palepale ikiwa bado inaishia na `.jar` haitoshi: Java ikikuta moduli mbili zenye jina moja kwenye folda moja, inagoma kuwaka.
4. Aweke mpya, awashe, ajaribu.

Ikishindikana, jar ya zamani inarudishwa na kazi inaendelea.

Kwa upande wa msanidi, kuna sharti moja. Toleo jipya lisiombe moduli ya Java ambayo haimo kwenye kifurushi kilichoko kisiwani. Amri ya `java-kisiwa\bin\java --list-modules` inatoa orodha ya zilizomo. Orodha hiyo itunzwe pamoja na msimbo, na kila mstari mpya wa `requires` ulinganishwe nayo kabla ya kutuma chochote.

Na Java yenyewe ibadilishwe lini?

Kuweka Java kwenye flashi hakumaanishi isahaulike. Marekebisho ya usalama ya Java hutoka kila robo mwaka: Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Kifurushi cha `jlink` hakijisasishi chenyewe. Lazima kitengenezwe upya kwa JDK mpya.

Kwa hiyo kwenye ratiba ya anayekwenda kisiwani kukagua vifaa au kupeleka karatasi, iongezwe kazi moja: flashi yenye folda mpya ya `java-kisiwa`. Folda ya zamani inapewa jina jingine, mpya inawekwa mahali pake, `anza.bat` inabofywa. Ni kazi ya dakika chache, mradi ilishajaribiwa kabla boti haijaondoka Nyamisati.