Subira Baada ya Tufani ya 1872

Mwembesongo ni kata mojawapo ya mji wa Morogoro, katika nchi tambarare iliyo chini ya milima ya Uluguru. Maji yateremkayo milimani hupita mjini kwa Mto Morogoro, yakaingia Ngerengere, kisha Ruvu, hata yakafika baharini. Mvua ya masika ndiyo riziki ya wakulima wa nchi hii, na mvua hiyo hiyo ikizidi kipimo huwa ndiyo maafa yao. Kwa hiyo wenyeji wamejua tangu zamani nini maana ya kumngoja Mungu: mwaka mmoja huomba mvua ije, mwaka mwingine huomba ikome. Lakini kungoja kuna namna zake, wala si zote zistahilizo sifa moja. Habari za masika ya mwaka 1872 zaweza kuzipambanua.

Siku zile Morogoro ilisifika kwa mji wa Simbamwene, uliojengwa karibu na Ngerengere na Kisabengo, mtu wa kabila la Wazigua. Kisabengo alikusanya watu wa kila namna, wakiwamo watumwa waliotoroka pwani, akaitwaa nchi kwa nguvu. Henry Stanley alipopita hapo mwaka 1871 katika safari ya kumtafuta Livingstone, aliukuta mji unatawaliwa na binti wa Kisabengo. Ulizungukwa na ukuta wa mawe wenye minara pembeni, na yeye alikisia watu wake kuwa 3,000 hata 5,000. Mwaka uliofuata, aliporudi pwani mwishoni mwa Aprili, alikuta mto umeusomba ukuta wote wa mbele pamoja na nyumba zipatazo 50. Mtawala alikuwa amekwisha kukimbia. Vijiji vya Waluguru milimani navyo vilipata msiba mkubwa. Boma lililojengwa kuzuia adui halikuweza kuzuia maji.

Katika msimu ule ule, tarehe 15 Aprili 1872, tufani iliipiga Unguja. Vyombo bandarini vilizama au kutupwa pwani, hata merikebu za Sultani Barghash zisisalimike, na karibu theluthi mbili za mikarafuu ya kisiwa ziling'oka au kuvunjika. Bagamoyo, mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliofungua misheni yao mwaka 1868 na kuwakusanya humo watumwa waliokombolewa, waliona majengo yao yameanguka.

Baada ya msiba kama huo kila mtu husema: tumwachie Mungu. Waungwana wa Unguja walisema hivyo, na neno lao lilikuwa neno la imani. Walakini mkarafuu hauzai kwa dua peke yake. Mche hupandwa, hutiliwa maji, hupaliliwa, na miaka 6 au zaidi hupita kabla ya kuchumwa karafuu ya maana. Basi ni nani aliyepanda upya mashamba yale? Aliyepanda ni mtumwa. Bwana alingoja mavuno barazani. Mtumwa alingoja uhuru akiwa na jembe mkononi. Wote wawili waliambiwa kwamba subira yavuta heri. Lakini subira ya mmoja iligharimiwa na jasho la mwenziwe.

Hapo ndipo penye shida ya neno hili. Mara nyingi subira huhubiriwa na aliyeshiba kwa mwenye njaa, na likihubiriwa hivyo laweza kuwa kamba ya kumfunga mtu badala ya fimbo ya kumtegemeza. Tarehe 5 Juni 1873, Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza biashara yao baharini. Hata hivyo utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria Unguja ila mwaka 1897, na Tanganyika ila mwaka 1922. Kijana aliyepanda mikarafuu baada ya tufani alihitaji robo karne ya kungoja sheria ile ya Unguja. Wengi hawakuifikia. Mwingine hakungoja sheria, alitoroka. Je, alikosa imani? La. Huenda alimtumaini Mungu kuliko bwana wake, maana alikwenda gizani asijue chakula cha kesho kitatoka wapi.

Dini zenyewe hazikufundisha kungoja kwa mikono mitupu. Mfano wa subira kwa Waislamu na Wakristo ni Ayubu, na Waswahili wameutungia utenzi msiba wake. Katika masimulizi ya Kiislamu, Ayubu anapolala na donda zake, mkewe Rehema ndiye anayehangaika kwa watu ili wapate chakula. Nusu ya subira ile ni miguu ya Rehema. Tena mapokeo ya Mtume yamemfundisha mwenye ngamia amfunge kwanza, kisha ndipo atawakali. Tawakali huanza pale nguvu za mtu zinapokwisha, si pale uvivu wake unapoanza.

Misheni ya Bagamoyo ilijengwa upya. Miaka 10 baada ya tufani, mwaka 1882, mapadre walifungua misheni Morogoro, miguuni mwa Uluguru. Waliokombolewa wakaendelea kulima, safari hii chini ya kengele ya kanisa, nao si kila mara walipewa uchaguzi wa kazi yao. Uhuru nao ulikuja kwa vipande, kama mvua ya vuli.

Ukuta wa Simbamwene umetoweka, na soko la Unguja limefungwa. Mvua bado yashuka Uluguru kila masika. Mkulima wa milimani hutia mbegu ardhini, kisha hutazama mawingu. Alilokuwa na uwezo nalo amelifanya. Lililobaki si lake. Kungoja huko ni ibada. Lakini anayemwambia mwenziwe angoje, na ilhali yeye ndiye aliyeikalia haki yake, hamtumainii Mungu; anamtumia Mungu kama mlinzi wa ghala lake.