Kuzuia Asili na Kutoa Mazao: Historia ya Wakfu na Somo Lake kwa Uwekezaji wa Zama Zetu

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.t.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), Ahali zake na Sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu msomaji, katika miaka ya karibuni masikio yetu yamezoea kusikia maneno "uwekezaji endelevu". Mifuko mikubwa ya pensheni, mabenki na hazina za mataifa zinasema kwamba haitoshi mali izae faida. Ni lazima pia itazamwe faida hiyo imetoka wapi, imemdhuru nani, na kama watakaozaliwa kesho watakuta kitu. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa, wakati Katibu Mkuu wake akiwa Kofi Annan, ulisimamia kuzinduliwa kwa Kanuni za Uwekezaji wenye Uwajibikaji, ambazo zinawataka wawekezaji wakubwa wazingatie mambo matatu: mazingira, jamii na uongozi.

Mfano unaotajwa sana ni mfuko wa mafuta wa Norway, ulioundwa kwa sheria ya mwaka 1990. Tangu mwaka 2004 mfuko huo una miongozo ya maadili, na kwa miongozo hiyo umejitoa katika makampuni yanayotengeneza tumbaku na aina fulani za silaha. Zaidi ya hayo, serikali ya nchi hiyo ilijiwekea kanuni mwaka 2001 kwamba itatumia kiasi cha faida inayotarajiwa tu, yaani asilimia 4, na mwaka 2017 ikakiteremsha hadi asilimia 3. Mtaji wenyewe umewekwa kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Vijana wetu wanaosoma habari hizi hutuuliza: Je, jambo hili ni geni kwetu, nasi tukalijifunze kwa wengine? Tunajibu kwamba msingi wake tunao tangu zama za Mtume (s.a.w.), na jina lake ni wakfu. Lakini hatulisemi hili kwa kujifaharisha. Historia ya wakfu ina mambo mawili: sheria iliyotimia, na usimamizi ulioharibika mara kwa mara. Anayetaja la kwanza akaficha la pili hajausaidia umma.

Ardhi ya Khaybar

Baada ya kufunguliwa Khaybar mwaka wa 7 Hijria (628), Umar bin al-Khattab (r.a.) alipata huko ardhi ambayo hakuwahi kupata mali aliyoithamini kuliko hiyo. Alikwenda kwa Mtume (s.a.w.) kutaka ushauri. Katika Hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), Mtume (s.a.w.) alimwelekeza kwamba akipenda aizuie asili yake na ayatoe sadaka mazao yake. Umar (r.a.) akafanya hivyo. Akaweka sharti kwamba ardhi ile isiuzwe, isitolewe zawadi wala isirithiwe, na mazao yake yawaendee mafakiri, jamaa, ukombozi wa watumwa, njia ya Allah, wageni na wasafiri. Msimamizi akaruhusiwa kula humo kwa wema, bila ya kujilimbikizia mali. Usimamizi huo baadaye aliuusia kwa binti yake, Hafsa (r.a.).

Hapa tunaziona nguzo tatu. Ya kwanza ni kulindwa kwa asili, ya pili ni kutolewa kwa mazao kwa wanaostahiki, na ya tatu ni msimamizi mwaminifu ambaye haki yake ina mpaka. Ukiivunja mojawapo, mbili zilizobaki hazisimami.

Matengenezo kwanza, mgawo baadaye

Katika karne ya tatu Hijria wanazuoni wa Kihanafi walianza kuandika vitabu maalumu juu ya hukumu za wakfu. Miongoni mwao ni Hilal al-Ra'y (aliyefariki mwaka 245) na al-Khassaf (aliyefariki mwaka 261). Wakaguzi wa mahesabu wa leo wangeyakuta humo mengi wanayoyafahamu.

Kubwa kuliko yote ni hukumu ya matengenezo. Wanazuoni wa Kihanafi wameeleza kwamba pato la wakfu hutumika kwanza kuitengeneza mali yenyewe, hata kama mwekaji wakfu hakulitaja sharti hilo. Sababu yake iko wazi. Mwekaji alikusudia mazao yadumu, na mazao hayadumu ila asili ikidumu. Basi nyumba ikivuja, bati hutangulia mgawo. Hukumu hii ndiyo roho ya jambo ambalo leo linaitwa uendelevu.

Pili ni muda wa kukodisha. Walipendelea nyumba isikodishwe zaidi ya mwaka mmoja, na shamba zaidi ya miaka mitatu, kwa kuhofia kwamba mpangaji akikaa sana watu watamdhania ni mwenye mali, naye mwenyewe ataamini hivyo.

Tatu ni istibdali, yaani kuibadilisha mali ya wakfu kwa mali nyingine. Abu Yusuf aliikunjulia mlango, na Ibn Taymiyya aliiruhusu penye maslahi yaliyo bayana. Madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wetu katika mwambao huu, yaliubana mlango huo sana. Wasiojua huuona ukali huu kuwa ni ugumu wa bure. Lakini al-Maqrizi (aliyefariki mwaka 845 Hijria, 1442) ametueleza yaliyotokea Cairo: wenye nguvu walipolitamani jengo la wakfu, walipatikana mashahidi wa kusema kwamba linawadhuru majirani na wapita njia, kisha kadhi akaidhinisha libadilishwe. Mlango uliofunguliwa kwa maslahi uliingiliwa na wenye tamaa.

Mzozo wa wakfu wa fedha

Swali zito zaidi lilikuja katika dola ya Uthmaniya: Je, fedha taslimu inaweza kuwekwa wakfu? Ardhi hubaki mahali pake, lakini dirhamu haimnufaishi mtu mpaka imtoke mkononi. Itazuiwaje asili ya kitu ambacho manufaa yake ni kutumika?

Wenye kuruhusu walitegemea kauli iliyopokewa kutoka kwa Zufar, mwanafunzi wa Abu Hanifa, kwamba fedha hizo zitolewe kwa mudharaba, kisha faida yake itolewe sadaka. Katika karne ya kumi na sita desturi hii ilikuwa imeshaenea katika miji ya Uthmaniya, na misikiti, madrasa na walimu wengi waliishi kwa pato lake. Sheikhul-Islam Çivizade aliipinga. Ebussuud Efendi, aliyeshika cheo hicho kuanzia mwaka 1545 hadi alipofariki mwaka 1574, aliandika risala ya kuijuzisha kwa kuwa watu wameizoea na maslahi ya umma yameifungamania. Birgivi (aliyefariki mwaka 1573) akamjibu kwa ukali.

Ni lazima tumfanyie insafu Birgivi. Zufar alizungumzia mudharaba, ambamo mwenye mali na mfanyakazi hushirikiana katika faida, na hasara ya mtaji ikamwangukia mwenye mali. Lakini wasimamizi wengi waliiogopa hasara hiyo. Badala yake walitumia miamala ya hila: mkopaji anauuzia wakfu nyumba yake, kisha anaikodi nyumba ile ile na kulipa kodi mpaka arejeshe fedha, na kodi hiyo aghlabu ilikaribia asilimia 10 ya fedha kwa mwaka. Kwa karatasi ni bei na ijara. Birgivi aliona nyuma ya karatasi hiyo riba, na akahofu kwamba imamu na mwalimu wanalishwa nayo.

Kwa upande wa pili, Ebussuud aliona kwamba wakfu hizo zikibatilishwa kwa siku moja, taa za misikiti zitazimika na wanafunzi watatawanyika. Wote wawili walikuwa wanailinda dini. Nasi tunasema kwamba mzozo wao haujesha hadi leo. Kila mfuko wa Kiislamu unaotaka faida ya hakika bila ya kubeba hasara unalirudia swali la Birgivi, ajue au asijue mwenye kuuendesha.

Namna wakfu ulivyodhoofika

Wengi wetu huulaumu ukoloni, na ukoloni una sehemu yake. Ufaransa, ilipoiteka Algeria mwaka 1830, ilianza mapema kuzitwaa mali za wakfu. Nchini India, Baraza la Faragha la London lilihukumu mwaka 1894 kwamba wakfu wa familia ambao mafakiri wanawekewa fungu la mbali tu haufai, mpaka sheria ya mwaka 1913 ikaja kuurejeshea uhalali wake.

Lakini kabla ya mkoloni tulikuwa na ugonjwa wetu wenyewe. Mjini Istanbul, majengo ya wakfu yalipoungua na pato la kuyajenga halikuwekwa, wasimamizi walibuni mkataba wa kodi mbili: mpangaji analipa fedha nyingi mara moja za kujengea, kisha kila mwaka analipa kidogo. Polepole haki ya mpangaji ikawa inarithiwa, na wakfu ukabaki na jina na senti chache. Ardhi haikuuzwa, lakini asili iliondoka. Hili ndilo walilolihofia wale wanazuoni waliopanga mwaka mmoja na miaka mitatu.

Mifuko na sukuki za leo

Tukija katika zama zetu, mwaka 1959 mchumi wa Malaysia Ungku Aziz alipendekeza njia ya Waislamu kuweka akiba ya Hija bila ya riba. Taasisi ikaanza mwaka 1963, na leo inajulikana kwa jina la Tabung Haji. Mamilioni ya watu wa kawaida wamenufaika nayo. Hata hivyo, mwaka 2018 serikali mpya ya nchi hiyo ilitangaza kwamba mali za taasisi zilikuwa pungufu ya madeni yake, na kwamba gawio lilikuwa likitolewa katika hali hiyo. Ikabidi mali zilizodorora zihamishiwe kampuni nyingine ya serikali ili taasisi isimame. Tunalitaja hili kwa mazingatio tu. Gawio linapotolewa na asili imepungua, waja wanakula mti wakidhani wanakula tunda.

Mwaka 2017 Malaysia ilitoa sukuki ya kwanza ya kijani, kwa ajili ya mradi wa umeme wa jua katika jimbo la Sabah. Mwezi Machi 2018 Indonesia ikatoa sukuki ya kijani ya taifa yenye thamani ya dola bilioni 1.25. Kisha mwaka 2020 Indonesia ikaunganisha wakfu wa fedha na sukuki ya serikali: fedha za wakfu hununua sukuki, na faida yake ikapelekwa katika hospitali ya macho ya wakfu huko Serang, Banten. Anayetaka hurejeshewa fedha zake baada ya muda. Wakfu wa muda kama huu unakubalika kwa Malik, lakini kwa Imam Shafi'i wakfu ni wa milele. Basi anayeuiga mpango huu kwetu asipite juu ya khilafu hii kimya kimya. Na kwetu nako mambo yameanza, kwani Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilizindua sukuki yake mwaka 2025.

Tunawatanabahisha ndugu zetu juu ya jambo moja. Si kila kilicho endelevu ni halali, kwani mfuko ule wa Norway unakataa tumbaku lakini una hati fungani za riba na hisa za mabenki. Wala si kila kinachoitwa halali ni endelevu, kwani mkataba unaweza kusihi kwa sura yake na mradi wake ukaharibu mito na mashamba ya watu. Muislamu anatakiwa ahakikishe yote mawili, kwa kuwa kanuni ya kuondoa madhara ni ya sheria yetu wenyewe.

Minazi ya chuo chetu

Tulipokuwa wadogo tulisoma katika chuo kilichowekewa wakfu shamba la minazi. Nazi ziliuzwa, na kwa fedha hizo mwalimu alipata posho na sisi tulipata mafuta ya taa na mbao za kuandikia. Minazi ile ilikuwa imepandwa na watu tusiowajua. Miaka ikapita, minazi ikarefuka na kuzeeka. Kila mavuno yaligawiwa yote, na hakuna aliyetenga nazi za miche. Hakukuwa na mwizi, na hatumtuhumu mtu. Wote walikuwa watu wema waliokuwa na haja. Leo shamba lipo, hati ipo, na minazi haipo. Chuo kinaendeshwa kwa michango ya Ijumaa.

Tangu Zanzibar iwe na Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana kwa sheria ya mwaka 2007, na Kenya kuwa na makamishna wake wa wakfu tangu zama za ukoloni, sheria za kulinda mali hizi zipo. Kilichobaki ni juu yetu tulio katika kamati za misikiti na madrasa. Kwanza, kila mali ya wakfu iandikwe: mipaka yake, mpangaji wake, kodi yake na sharti la aliyeiweka. Pili, kodi zipitiwe kwa bei ya soko, na mikataba isiwe ya kurithiana. Tatu, kabla ya mgawo wowote litengwe fungu la matengenezo, liwe la bati au la miche. Nne, fedha za wakfu zisiingizwe katika sukuki wala mfuko wowote mpaka mkataba wake usomwe na mwanachuoni wa fiqhi pamoja na mjuzi wa mahesabu, kwani mmoja wao peke yake hatoshi. Tano, hesabu zisomwe hadharani kila mwaka mbele ya jamaa wa msikiti.

Haya yote hayahitaji mtaji wa Norway. Yanahitaji mtu wa kusema, siku ya mavuno na watu wana haja, kwamba nazi hizi hazigawiwi, zinapandwa.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) awarehemu waliotutangulia kwa kuweka wakfu, atusamehe tulivyovipoteza, na ajaalie tuwe wasimamizi tutakaopata jibu Siku ya kuulizwa juu ya amana. Amin. Wallahu a'lam.