Nguruwe wa bara na nguruwe wa Pwani

Wengi kwetu hudhani nguruwe ni neno la Kiarabu, kwa kuwa tumelisikia zaidi chuoni. Sivyo. La Kiarabu ni khinziri, nasi tulilichukua likawa hinziri, la kutukania. Nguruwe ni Kibantu cha kale: Wakamba husema ngulue, Wazulu ingulube, na kwa Kilingala ni ngulu. Wazee walikuwa nalo kabla ya kuijua hukumu ya mnyama huyu, kwa ajili ya yule wa mwitu anayefukua mihogo usiku. Ngiri ni jamaa yake wa porini mwenye meno yaliyopinda. Na ngiri pia ni ule ugonjwa wa mshipa, kwa hivyo anayesema "nina ngiri" usimkimbie.

Huku Eldoret ninakoishi, neno ni lile lile ila uzito ni mwingine. Mtu wa huku akikuita nguruwe, amekuita mlafi. Mei 2013, waandamanaji waliopinga wabunge kujiongezea mishahara walipeleka nguruwe na damu mbele ya Bunge, Nairobi, na bara nzima ikaelewa: walaji hao. Kwetu tusi hili haliishii tumboni. Linagusa utwahara wa mtu na waliomzaa. Nimeona vijana wa chuo, mmoja wa huku na mmoja wetu, wakinuniana muhula mzima kwa mzaha uliotupwa juu ya sahani ya wali. Mimi naona aliyetania alistahili kuelezwa, si kununiwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni majina yasiyomtaja mnyama mwenyewe. Poku na bekoni wengi wanazijua. Tanzania kuna kitimoto, mdudu, na hata "mbuzi katoliki", ambaye si mbuzi hata kidogo. Lakini soseji na smoki zipo za ng'ombe, zipo za kuku, zipo za nguruwe, na kwenye kigari cha barabarani zote hufanana. Mwanao aliyekuja kusoma huku akiuliza "hii ni nyama gani?" ataambiwa "ni smoki". Aulize waziwazi: "Ina nguruwe?" Kulitamka neno hakumnajisi mtu. Akiambiwa ni ya ng'ombe, aombe kuona pakiti, kisha aulize kisu na mafuta vimepitia wapi.