Bwawa la samaki likiwa kijani: wakati gani ni chakula, wakati gani ni hatari

Mwenye bwawa la samaki, awe Boga, Gety ao pembeni ya Bunia, anajua ile siku maji yanabadilika rangi. Wiki mbili nyuma yalikuwa ya udongo, sasa yako kijani kama maji ya sombe. Jirani mmoja anasema ni vizuri, mwingine anasema maji yameoza, wa tatu anashauri dawa. Wote wanaongea juu ya kitu kimoja: mwani, ile mimea midogo ya majini ambayo kwa Kifaransa wanaita algue. Ukiusoma vibaya, unaweza kupoteza kwa usiku mmoja samaki wa miezi sita, na pamoja nao pesa ya minerval.

Kuko mwani wa namna mbili unaosumbua watu. Wa kwanza hauonekani mmoja mmoja kwa macho. Unaelea ndani ya maji na kuyapa rangi. Wa pili ni ule wa nyuzi, unashikamana kama nywele ao pamba chafu, unaota chini na kisha unapanda juu. Usiwachanganye, maana kinachotibu mmoja kinaweza kuongeza mwingine.

Tuanze na maji ya kijani, juu ndiyo yanaogopesha bure. Tilapia anayakula. Ushahidi hauko mbali na sisi. Ziwa George la Uganda ni kijani karibu mwaka mzima, halina kina kikubwa, na tangu zamani linalisha wavuvi wa tilapia. Maji yake yanapita mfereji wa Kazinga, yanaingia Ziwa Edouard, yanatoka na mto Semliki na kupita kwenye bonde lililo chini ya Boga kabla ya kufika Ziwa Albert. Watafiti waliofanya kazi huko George miaka ya 1960 na 1970 walionyesha kwamba tumbo la tilapia linatoa asidi kali sana, yenye kuvunja ngozi ya mwani ambao samaki wengi hawawezi kuusaga. Asidi hiyo inaongezeka kadiri anavyokula mchana. Mwani wa asubuhi mapema unapita na kutoka bado kijani. Kwa hiyo mtu anayepiga vita rangi yote ya kijani anamwaga chakula cha bure.

Hatari inakuja usiku. Mchana, jua likiwaka, mwani unatoa oksijeni na samaki wanapumua vizuri. Jua likishuka, mwani wenyewe unaanza kutumia oksijeni ileile, pamoja na samaki, pamoja na mavi yanayooza chini. Ukiwa mwingi kupita kiasi, oksijeni inafika chini kabisa karibu na saa kumi na moja alfajiri. Ndiyo sababu ukitaka kujua hali ya bwawa lako, usiende saa sita mchana. Nenda kabla jua halijatoka. Ukiona samaki wengi wako juu, midomo wazi, wanameza hewa, hiyo si njaa. Siku za mawingu mfululizo ni mbaya zaidi, kwa sababu mwani haukupata jua la kutosha kutengeneza oksijeni ya usiku.

Kipimo hakihitaji mashine. Ingiza mkono ndani ya maji, kiganja kikiwa kimefunguka, polepole mpaka kwenye kiwiko. Kiganja kikipotea machoni wakati maji yanakaribia kiwiko, uko sawa. Endelea na kazi yako. Kikipotea mapema, maji yakiwa bado katikati ya mkono, mwani ni mwingi mno. Ukiweza kuhesabu vidole vyako hata kiwiko kikiwa kimezama, maji ni maskini, samaki wako wanangoja tu chakula cha mkono. Fanya hivyo mahali palepale kila mara, na usipime baada ya mvua kubwa wala baada ya watoto kuchafua chini, maana matope yanadanganya.

Mwani ukizidi, swali si dawa gani, ni nini kinaingia. Mwani unalishwa na azoti na fosfori, na vitu hivyo vinatoka kwenye samadi ya ng'ombe na mbuzi, mavi ya kuku, pumba zilizobaki bila kuliwa. Simamisha samadi kabisa. Punguza pumba mpaka samaki wamalize kile unachowapa ndani ya dakika chache. Kama una kiwanja cha mbolea kwenye kona ya bwawa, kile kilichozungushwa fito, usikikoroge tena kwa muda. Pima mkono kila siku mbili. Mavi ya kuku yana nguvu kuliko ya ng'ombe. Wengi wanaotia ndoo ileile ya yote mawili ndio wanaopata shida.

Kama tayari samaki wanameza hewa, fungua mfereji wa juu mara moja na acha maji mapya yaanguke kutoka juu kwa mwanzi ili yabebe hewa, huku ukitoa maji ya chini yenye kuoza. Usiwape chakula siku hiyo. Pasipo mfereji, kumwaga maji kwa beseni kunasaidia kidogo tu, lakini kidogo hicho kinaweza kuwafikisha samaki mpaka jua litoke.

Mwani wa nyuzi ni habari nyingine, na kwa watu waliorudi nyumbani ndio unaowangoja. Baada ya mashambulizi ya Boga na Tchabi, mwisho wa Mei 2021, familia nyingi zilikimbia. Bwawa likiachwa bila mtu, kingo zinabomoka, udongo unajaa, kina kinapungua, na jua linafika mpaka chini. Nyuzi zinaota hapo. Zinaota pia kwa mtu anayeacha maji yaingie na kutoka usiku na mchana akidhani ni usafi: mbolea yote inaenda na maji, yanabaki meupe, jua linapita. Dawa yake inashangaza: ondoa nyuzi kwa reki ao kwa mikono, chimba kingo ziwe na kina cha nusu mita na zaidi, funga mfereji ili maji mapya yarudishe tu yale yaliyopotea, kisha tia samadi kidogo. Maji yakianza kuwa kijani, yanaziba jua na nyuzi zinakosa nguvu. Zile ulizotoa usiziache kwenye ukingo zikaoshwa na mvua kurudi ndani, zipeleke shambani.

Kuhusu dawa za shaba zile watu wanapulizia kakao na nyanya: ni kweli zinaua mwani. Zinaua samaki pia, hasa kwenye maji yasiyo na chokaa nyingi. Na hata samaki wakipona sumu yenyewe, mwani wote uliokufa pamoja unaoza na kumaliza oksijeni.

Jambo la mwisho ni utando wa kijani-buluu unaokusanyika upande upepo unakopeleka, kama rangi ya mlango iliyomwagika, wenye harufu mbaya. Huo unaweza kuwa na sumu. Uteke na kuutupa mbali na maji, na mpaka uishe, watoto wasiogelee humo, mbuzi na ng'ombe wasinywe.